Fataki Kwenye Kikopo cha Pipi

Jumatatu, 13 Novemba

Theluji. Kahawa ya mgahawani mbaya. Shemeji mbaya zaidi.

Verlin, mdogo wake mke wangu, kakalia kiti changu cha siku zote na kuiuliza meza nzima kama inajua kwa nini dada yake Arlys alirudi mikono mitupu mwaka jana. Inajua. Montana nzima inajua. Elki dume, yule paa mkubwa wa milima ya huku, alisimama wazi kabisa, Arlys akavuta kifyatulio, bunduki ikalia tik. Kimya. Ndipo ikalipuka, mtutu umeshayumba na dume ameshageuka. Risasi ile niliijaza mimi, ganda, baruti na vyote, gerejini kwangu, kwa mikono yangu hii.

Verlin anasema kosa ni fataki. Eti kidude kile cha kwenye kitako cha risasi, kidogo kama punje ya dengu, ndicho kinachowasha baruti, na ganda kubwa kama la bunduki ya marehemu baba yao, anayotumia Arlys, lina baruti nyingi isiyopenda kuwaka upesi. Kwenye baridi ya huku fataki ya kawaida inazidiwa. Itafutwe ya magnum, yenye moto mkali. Ananifundisha kana kwamba mimi ni muuza keki! Haya yote nayajua. Shida ni kwamba kwa miaka mingi nimetangaza kuwa fataki za magnum ni za watu wasiojua kujaza risasi. Nimetangaza hata kanisani, kwenye chakula cha pamoja, mchungaji akisikia.

Halafu akasema mwaka huu yeye atamjazia dada yake. Nikamwambia Arlys atakataa. Nimefika nyumbani, nimemuuliza Arlys. Kasema, tutaona.

Tutaona! Tangu tuoane hajapiga risasi ya mtu mwingine. Vijana wenzangu walipochumbia walipeleka maua. Mimi nilimpelekea boksi la risasi nilizojaza mwenyewe, nimelifunga utepe mwekundu, na alinikubali siku ile ile.

Goti lake linapasuliwa Desemba. Amesema huenda Jumamosi hii ndiyo mara yake ya mwisho kupanda kwenye ule mgongo wa mlima alikofundishwa kuwinda na baba yake. Alisema hivyo akimenya viazi, bila kunitazama. Nataka apate dume lake. Nataka alipate kwa risasi yangu.

Mpango: fataki za magnum, kwa siri. Asijue mtu.

Jumanne, 14 Novemba

Siwezi kununua kwa Nadine, mwenye duka la bunduki hapa mjini. Ukinunua kiberiti kwake, jioni watu wanakuuliza umewasha nini. Nimeendesha pikapu hadi mji wa pili, kwenye duka la dada yake. Nimevaa miwani ya jua na kofia ya timu ninayoichukia.

Nyuma ya kaunta amesimama Nadine. Dada yake ana mafua.

Kaniuliza kama macho yananiuma. Nikasema kidogo. Nikaomba boksi la fataki za magnum, nikaeleza kuwa ni za rafiki yangu. Kasema siku hizi fataki ni adimu, kila mteja boksi moja tu, rafiki yangu ana bahati. Kasema pia nimwambie huyo rafiki asibadilishe fataki akaacha baruti ile ile. Apunguze, aanze chini, apande taratibu, maana moto ukizidi bunduki inaweza kumuumiza. Nikasema rafiki yangu anajua sana mambo hayo. Kasema, "Orrin, rafiki yako huyo namfahamu tangu shule."

Ameapa hatasema. Nadhani ameapa. Alikuwa anacheka, sikusikia vizuri.

Jumatano, 15 Novemba

Leo nimejivunia akili yangu.

Boksi la magnum lina maandishi mekundu. Verlin akiingia gerejini ataliona hata akiwa amefumba macho. Kwa hiyo nimezihamishia fataki za magnum kwenye boksi la buluu la fataki za kawaida. Zile chache za kawaida zilizokuwa zimebaki humo nimezimimina kwenye kikopo kitupu cha pipi za kikohozi. Boksi jekundu nimelichoma kwenye jiko. Kila kitabu cha kujaza risasi, ukurasa wa kwanza, kinasema fataki zisitolewe kwenye boksi lake. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wasio na mashemeji.

Verlin kaja kuazima ngazi. Macho moja kwa moja kwenye meza yangu. Kaliona boksi la buluu, akatabasamu kwa huruma. "Bado zile zile, shemeji?" Zile zile, nikamjibu. Sijui kama nimewahi kudanganya kwa raha kiasi hiki.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimefanya kila kitu kwa utaratibu. Nimepunguza baruti, nimejaza chache za majaribio, nimekwenda uwanja wa shabaha na bunduki ya Arlys. Baridi ya kukata masikio. Nimeanza na dhaifu, nimepanda kidogo kidogo kama Nadine alivyomwagiza rafiki yangu. Hakuna tik. Kila nikivuta, inaitika. Matundu matatu ya mwisho ningeyafunika kwa kifuniko cha chupa.

Verlin yuko sahihi. Nimeandika hivyo hapa tu, na hapa patabaki.

Nimerudi nimechoka, nikalala baada ya chakula cha mchana. Arlys anakohoa kidogo. Baridi hii.

Ijumaa, 17 Novemba

Asubuhi nimemjazia Arlys risasi za kesho. Nimepima baruti punje kwa punje. Nimezipanga kwenye boksi, nikaandika jina lake juu kwa mwandiko wangu mzuri. Nikatafuta na utepe mwekundu, nikaukosa, nikatumia kamba ya viatu.

Mchana Verlin kaleta boksi lake. Anasema alizijaribu kwenye bunduki ya baba yao kiangazi, Arlys alipomwazima. Kaandika juu "Kwa dada." Arlys kamshukuru, akaliweka kwenye rafu ya jikoni, ubavuni mwa langu. Hakusema atachukua lipi. Sikuuliza. Nimepita mbele ya rafu hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha chakula cha jioni, na balaa.

Arlys kaniambia, kwa upole wake, kwamba nimeanza kuzeeka. Jana nilipolala alitafuta pipi za kikohozi, akafungua kikopo, akakuta fataki. Nusura atie moja mdomoni. Akaona boksi la buluu mezani lina nafasi tupu, akazirudisha zote ndani, akazichanganya vizuri zienee. "Sikutaka kukuaibisha, mzee wangu."

Nikaacha kutafuna.

Zile nafasi tupu zilikuwa za magnum nilizotumia kwenye majaribio. Sasa boksi lina za kawaida na za magnum, na zote zinang'aa sawasawa. Hata hadubini haiwezi kuzitofautisha. Na risasi za kesho nimezijaza leo asubuhi, kutoka boksi hilo. Baadhi zitaitika. Baadhi zitalia tik, kama mwaka jana, na ataziingiza kwenye bunduki bila kujua, juu ya mlima ule, na goti lile.

Arlys kauliza kama nyama ina chumvi nyingi. Nikasema iko sawa kabisa, mke wangu.

Jumamosi, 18 Novemba

Ningeweza kumwambia ukweli. Nililifikiria hilo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Nikapata mpango. Arlys alipokuwa anajaza chai kwenye chupa, nilitoa risasi za Verlin kwenye boksi lake nikaziweka kwenye langu. Zangu nikazitia kwenye lake, ili lisionekane tupu. Nilijisikia kama mtu anayemvalisha mke wake koti alilonunuliwa na mwanamume mwingine. Lakini angalau lingempa joto.

Arlys kaja, kasimama mbele ya rafu, kafikiri. Kisha akachukua boksi la Verlin.

Kasema amefikiri sana. Kasema zangu amezipiga maisha yake yote ya ndoa, na Verlin ni mdogo wake, kahangaika kiangazi kizima, mwaka huu amfurahishe. Kasema anajua mimi nina moyo mkubwa na nitaelewa.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila ndani yake kulikuwa na "hapana" nyingi. Nikalinyakua boksi mkononi mwake, nikamsukumia langu. Mzee wa umri wangu, ananyang'anyana boksi na mkewe jikoni! Arlys kanitazama. Nilimwona akisikitika. Akalitia boksi langu mfukoni, akatangulia kwenye pikapu. Njia nzima tulisikiliza hita ikinguruma. Nilitamani anikemee tu.

Tumepanda pole pole. Kila baada ya hatua chache anasimama, anashika goti, anaangalia miti kana kwamba ndiyo iliyomsimamisha. Nami naangalia miti. Juu, pale kwenye jiwe la baba yake, amekaa akajaza bunduki. Nikaona ameishika risasi moja, ameigeuza, ameiangalia kitako kwa muda mrefu. Kisha akaiingiza. Akanigusa shavu na glavu yake yenye theluji. Sikuelewa, ila nilifurahi.

Dume katoka kwenye misonobari jua lilipofika bondeni. Pembe zile! Arlys kavuta pumzi, kaitoa nusu, kavuta kifyatulio. Mlipuko mmoja, papo hapo. Dume kapiga magoti, akalala, asijue kilichompata.

Arlys kalia. Mimi nimelia zaidi yake, na nimesingizia upepo.

Verlin kaja na sleji, kitoroli cha kuburuta juu ya theluji, kutusaidia kushusha nyama, kama tunavyosaidiana kila mwaka. Mjaza risasi yeyote, cha kwanza anachotafuta ardhini ni ganda lililotumika. Niliinama. Verlin aliinama haraka zaidi. Akaliokota, akaligeuza kitako, na hapo nami nikaona nilichokuwa sijakiona jikoni kwa haraka yangu: kizunguko chembamba cha rangi nyekundu kuzunguka fataki. Verlin hupaka rangi ya kucha ya mkewe kwenye risasi zake zote. Kila mtu anajua. Mimi najua!

Kamtazama dada yake, aliyekuwa anamsugua dume shingoni. Kanitazama mimi. Nikangoja aite dunia nzima. Akalitia ganda kwenye mfuko wa shati langu, akaufunga kifungo. "Ganda lako hili, shemeji. Dume zuri."

Nimemsaidia kuvuta sleji hadi chini na sikumpinga hata mara moja kuhusu njia.

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya ibada nimemwambia Arlys kila kitu. Miwani, kofia, boksi la buluu, kikopo, rafu. Alikuwa ameweka goti juu ya kiti, barafu juu ya goti. Akanisikiliza mpaka mwisho.

Kasema alijua. Aliona rangi nyekundu alipokuwa anajaza bunduki. Akiwa jikoni alidhani ni wivu tu, na ulimuuma. Ila pale juu ya jiwe akajua nimempa risasi za Verlin ndani ya boksi langu, na kwamba kama nimefanya hivyo basi zangu zina kasoro, na nimeona heri nimeze kiburi kuliko yeye akose dume lake. Kasema mwanamume anayemchukia Verlin kama mimi, kumtilia mkewe risasi za Verlin, si jambo dogo. Kasema ni zaidi ya lile boksi lenye utepe.

Nikamwambia simchukii Verlin. Kasema, "Najua."

Kaomba kitu kimoja tu. Nisihamishe tena vitu kutoka boksi hadi boksi. Niape. Nimeapa, nimeshika mkono wake, na nilimaanisha kila neno.

Jumatano, 22 Novemba

Nyumba inanukia pai. Kesho ni Sikukuu ya Shukrani, lakini Verlin na mkewe wanakuja leo jioni kula nyama ya yule dume. Nimejitolea kumenya viazi. Mimi ni mtu mpya.

Nimeshazivunja risasi zangu zote mbovu, nikigonga kwa ile nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi mpaka bega likauma. Baruti nimeimwaga bustanini, kama inavyotakiwa. Kimebaki kitu kimoja, boksi la buluu lenye fataki zilizochanganyika. Kutupa siwezi, ni adimu mno, na za kufanyia mazoezi zinatosha kabisa. Lakini Verlin lazima ataingia gerejini, lazima atalifungua boksi hilo, na lazima ataniuliza kwa ile sauti yake. Amekuwa mwema kwangu wiki hii. Sitaki kumharibia.

Arlys aliniapisha kuhusu maboksi. Kikopo hakimo.

Nimezimimina zote kwenye kile kikopo cha pipi za kikohozi. Ni kwa muda tu, mpaka Verlin aondoke. Nimekificha mahali ambapo hatafikiria kabisa kutazama, kwenye kabati la dawa.

Namsikia Arlys jikoni, anaimba na kuviringisha chapati za viazi. Goti linamuuma kidogo leo, lakini ana furaha. Na kile kikohozi chake kimerudi, maskini. Nitamwambia atafute pipi.