Mimi, Meneja wa Mzee Harlan

Jumatatu, 4 Mei 1998

Domo langu hili! Leo kikao cha kamati ya harusi ya Ombeni na Violet, kwenye besimenti, chini ya nyumba ya Dada Euphrasia, Rockville. Nilikwenda na nia njema kabisa: kula sambusa na kunyamaza. Cosmas akasimama kutangaza kwamba burudani ni yeye tena, yeye na spika zake, kama kila harusi ya Watanzania tangu nikanyage Marekani. Watu wakampigia makofi. Makofi! Mtu ambaye kazi yake ni kubonyeza kitufe!

Nikajikuta nimesimama. Nikasema ndoa hii inastahili mwanamuziki wa kweli, Mmarekani, mwenye santuri zake. Dada Euphrasia, mwenyekiti wetu, akavua miwani. Akauliza kama mtu huyo ninaye. Nikasema ninaye. Akauliza kama nina hakika, kwa sababu harusi ni tarehe kumi na sita, na atakayeharibu burudani anahamishiwa kamati ya vyombo. Kamati ya vyombo ndiyo inayosugua masufuria ya pilau. Ukiingia hutoki. Kuna bwana mmoja anaitwa Eliudi, aliingia mwaka tisini na mbili, hadi leo anasugua.

Nikasema nina hakika. Sina mtu.

Jumanne, 5 Mei

Ninaye! Mungu hamtupi mja wake!

Mzee Harlan Tuggle, chumba cha mwisho, kwenye nyumba ya wazee hapa Wheaton ninapofanya kazi. Muda wote huu namwogesha, namkatia nyama, tunagombana kuhusu soksi. Kumbe nyota! Leo napanga kabati lake, nikakuta picha. Kijana mwembamba, nywele zinameremeta mafuta, goti hewani, gitaa kifuani. Nikauliza huyu nani. Akasema ni yeye, mwaka hamsini na sita. Alikuwa mpigaji wa rokabili, wale wa mwanzo kabisa. Yaani wanachukua kantri, wanaichanganya na bluzi, wanaitia mbio mpaka wachungaji wanalalamika. Baa zote za Bladensburg zilimjua. Alitoa santuri moja. Upande wa kwanza ni wimbo wa mwanamke aliyetoroka na gari la mumewe. Ukisikiliza vizuri, anayeliliwa ni gari. Redio ikaupiga wiki chache, halafu kimya. Akaenda kuuza mazulia mpaka akastaafu.

Nikamwomba aje apige harusini. Akakataa katakata. Akasema hakuna mtu duniani anayeukumbuka wimbo ule, na yeye hapigii viti muziki. Gitaa liko chini ya kitanda, liachwe lipumzike.

Sasa hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikamwambia, Mzee, mbona kwetu Tanzania wimbo huo unajulikana na watu wote? Nikasema nimekua nao. Nikasema bibi yangu kule Bukoba alikuwa akiuimba huku anamenya ndizi. Yalikuwa yanatoka tu, kama maji kwenye bomba lililopasuka.

Mzee Harlan akatoa kitambaa, akafuta macho. Akauliza, kweli? Nikasema haki ya Mungu. Akaniomba nimvutie gitaa.

Alhamisi, 7 Mei

Kibet ananitia kichefuchefu. Huyu ni Mkenya, Mkalenjini wa Kericho, tuko naye shifti moja. Anavaa kofia ya kauboi hata kwenye basi, na ukimsikiliza utadhani kantri imezaliwa kwao. Amesikia gitaa, akaja mbio. Mzee akamweleza kwa furaha kwamba kumbe ana mashabiki Afrika nzima. (Nzima! Mimi nilisema Tanzania tu.) Kibet akanigeukia taratibu.

Tulipofika koridoni akanipasha. Akasema yeye ameskiza kantri kwa redio tangu akiwa tumboni, kwao hakuna sherehe bila kantri, na jina la huyu mzee hajawahi kulisikia. Kama yeye hajalisikia, nyanya yangu wa Bukoba amelisikia wapi? Akasema mzee akifika ukumbini akute hakuna anayemjua, roho yake itavunjika, na hiyo itakuwa juu ya kichwa changu. Akamalizia kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Fupi ndiyo nzuri. Mtu anafika mapema.

Lakini maneno yake yamenikaa. Mzee ameanza kunyoa ndevu mwenyewe. Ameomba mafuta ya nywele, na nywele zenyewe ni kama hazipo. Kila nesi anayeingia anasimuliwa habari za Tanzania.

Jumamosi, 9 Mei

Dawa imepatikana! Nimeazima gramafoni, nimerekodi santuri ya Mzee kwenye kanda, nimewapelekea akina mama wa kwaya. Nimewaomba wakariri kiitikio, ili siku ya harusi wainuke na kuimba kama watu waliounyonya wimbo huo kwa mama zao. Kwa hisani hiyo watakaa meza iliyo jirani na chakula. Wamekubali upesi mno.

Cosmas anazunguka kuuliza nyota wangu ni nani. Nimemjibu kwamba nyota haiulizwi, huonekana. Jibu zuri sana. Nimeliandika hapa lisipotee.

Jumatano, 13 Mei

Nimepita mazoezini. Mungu wangu!

Nimekuta kwaya imesimama, macho yamefumbwa, inaimba polepole kwa sauti nne. Mama mmoja analia. Mama Dorothea, kiongozi wao, akanishika mikono miwili akanishukuru kwa wimbo mzito namna ile. Maneno hayasikiki vizuri, akasema, ila wameelewa kwamba kuna mtu ameondoka na hatarudi. Akauliza marehemu alikuwa nani.

Kumbe gramafoni ilikuwa imewekwa mwendo wa santuri kubwa! Ya Mzee ni ile ndogo, inayozunguka kwa kasi. Nimewarekodia wimbo wa gari ukatoka wimbo wa maziko. Nikawasihi waukimbize kidogo. Mama Dorothea akasema kwaya yake haikimbizwi, na sauti zimeshagawanywa.

Basi, waimbe hivyo hivyo. Mzee hasikii vizuri sikio la kushoto. Nitawapanga kushoto.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika haya jikoni, ukumbi wa harusi, Bladensburg. Nimekalia kreti la soda. Kimenuka.

Mambo yalianza vizuri. Binti yake Mzee aliridhia atoke. Mzee kavaa koti la pinki la enzi zile, linambana, kifungo kimoja tu ndicho kimekubali. Kibet akambebea gitaa, kazi ambayo kwa haki ni ya meneja. Mzee alipoona Bladensburg imeandikwa barabarani akajinyoosha koti.

Akapanda jukwaani. Akawaambia watu kwamba amesubiri miaka arobaini, na hakujua kuwa waliokuwa wakimkumbuka wako mbali namna hii. Watu wakatazamana. Akaanza.

Jamani, anapiga! Mguu unatetemeka, gitaa linaruka, sauti inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Na watu? Wamekaa. Wanatabasamu, wanatafuna, wanatikisa vichwa kwa adabu. Kwaya wakainuka upande wa kushoto, wakavuta pumzi. Dakika mbili, wimbo umekwisha! Kwaya walikuwa bado kwenye neno la kwanza.

Kimya. Hata makofi hakuna. Nani anapiga makofi katikati ya wimbo?

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wetu wamelelewa na dansi. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, wewe umekaa unakula. Baadaye maneno yanaisha, magitaa yanachanganya. Ndiyo chemko, wenyewe Wakongo wanaita sebene. Hapo ndipo unainuka. Mtu mwenye heshima zake haonekani uwanjani kabla ya chemko. Ukumbi mzima ulikuwa unangoja chemko, na huyu mzee ameshamaliza!

Cosmas, mshenzi, akanyakua maiki. Akasema tunamshukuru babu kwa kutuonjesha, sasa atuanzishie wimbo wenyewe. Mzee akaniuliza yule amesema nini. Nikasema amesema watu wamezidiwa na furaha. Akapiga upande wa pili wa santuri. Dakika mbili. Kimya. Bwana mmoja nyuma akauliza kama bado wanajaribu spika.

Mzee Harlan akashusha gitaa. Akaniambia Bladensburg hii hii waliwahi kumrushia chupa, lakini anayekurushia chupa angalau amekusikiliza. Halafu akaniuliza, polepole, kama ni kweli bibi yangu aliwahi kuuimba wimbo ule. Aliniangalia usoni. Nilitaka kujibu. Nikakumbuka ni lazima nikamwangalie ndafu.

Ndafu ni yule mbuzi mzima wa kuchoma, wa kwao bwana harusi, anayeingizwa ukumbini kwa shangwe kama keki. Basi tuko hapa jikoni, mimi na mbuzi. Yeye ana amani zaidi.

Baadaye

Siamini!

Nilichungulia kwenye dirisha la kupitishia vyakula. Mzee alikuwa anafunga mkoba wa gitaa. Kibet akamwendea, akavua kofia, akapiga goti kando yake. Nimemuuliza baadaye alimwambia nini. Alimwambia hawa watu hawajamkataa, wanamngoja. Maneno yakiisha asisimame, aendelee na gitaa peke yake, aone. Mzee akashangaa. Akasema kwani yeye alipenda kukatiza? Santuri ndiyo iliyokuwa ndogo! Zamani kwenye dansi walikuwa wanazungusha wimbo mmoja mpaka mtu apoteze kiatu.

Akaanza upya. Mwanamke akatoroka, gari likaenda, maneno yakaisha. Gitaa likabaki. Likazunguka. Likazunguka tena. Nikaona Dada Euphrasia anavua miwani, anaiweka mezani. Akapiga ukelele: chemko! Viti vyote vikalia sakafuni kwa mara moja. Ombeni akasahau kama ni bwana harusi, akatupa koti. Violet akakunja gauni kiunoni. Na kwaya! Ile sauti yao ya maziko ikakaa juu ya gitaa lile la mbio, ikapendeza utadhani imepangwa hivyo tangu mwanzo. Nikaambiwa niingize ndafu, nikamsukuma huku nacheza, mbuzi naye anatikisa kichwa. Mama Dorothea akapoteza kiatu.

Wimbo ulizungushwa mpaka kila mtu akawa anakijua kiitikio. Hata watoto, hawa ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, walikuwa juu ya viti wanaimba. Mzee Harlan alikuwa analia na kucheka, kile kifungo kimoja kimeruka sijui wapi.

Alipomaliza alinivuta kwa mkono. Akaniomba radhi kwa kunitilia shaka. Yeye, aniombe radhi mimi! Niliona haya, kweli niliona haya. Nikasema leo namwambia ukweli, liwalo na liwe. Halafu wakaanza kugawa ndafu, nikaenda kupanga foleni.

Jumapili, 17 Mei

Masufuria.

Dada Euphrasia amesema burudani imeokolewa na Kibet, na mimi nilionekana nimejificha na mbuzi. Kibet, Mkenya, ndiye mkuu mpya wa burudani ya Watanzania. Cosmas alirekodi kila kitu, sasa anawagawia watu kanda, na juu ya kanda ameandika jina lake. Eliudi amenipa stili waya akanikaribisha kama ndugu aliyepotea. Ukoko wa pilau ni kama lami. Nimepata muda wa kutafakari. Nimetambua kwamba uongo haufai. Ningesema Kenya, Kibet angeniunga mkono tangu mwanzo.

Ijumaa, 22 Mei

Nimeingia chumbani kwa Mzee Harlan, nimekuta sanduku juu ya kitanda. Kubwa, jipya. Mzee kavaa kofia ya ukili, anajitazama kwenye kioo. Akakunja shati kunionyesha bega: amechanjwa homa ya manjano! Binti yake amempeleka. Akasema kama watu mia wa Bladensburg wanamwimba vile, basi kule kwenyewe itakuwaje? Anataka kuzunguka nchi nzima. Na kituo cha kwanza ni Bukoba, akamwimbie bibi yangu ana kwa ana.

Bibi yangu alifariki mwaka sabini na moja. Na alikuwa hapendi kelele.

Kibet alisimama mlangoni, kakunja mikono. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba huu ndio wakati, nimwambie mzee ukweli, leo, sasa hivi, kabla hajakata tiketi. Na ana haki. Kwa mara ya kwanza nakiri, Kibet ana haki. Mtu mzima hachezewi hivi. Nikakaa kitandani kando ya sanduku. Nikaushika mkono wa Mzee. Nikavuta pumzi.

Nikamwambia kofia ya jua peke yake haitoshi. Achukue na koti la mvua. Bukoba inanyesha karibu kila siku, na ule uwanja atakaopigia hauna paa.