Fremu ya Bi Batuli

Nasri, fundi baiskeli wa Nzuguni, alikuwa na kipaji adimu cha kuihuzunikia baiskeli ya mtu. Mteja akimletea baiskeli ya mbio ya zamani, ile ya chuma chembamba, Nasri aliigonga kwa spana, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Pole sana. Chuma kimeoza kwa ndani." Mwenyewe akaiacha kwa bei ya kutupa. Wiki ya pili fremu ile ile, imepakwa rangi na kufungwa gia za kisasa, iliuzwa kwa wakubwa wa maofisini walioanza mazoezi baada ya daktari kuwatisha.

Kila mkubwa alipewa sumaku ndogo ya zawadi, ahakikishe mwenyewe kuwa fremu ni chuma halisi. "Bandika popote, bosi. Sumaku haijui kusema uongo." Hapo fundi alisema kweli, mara moja kwa mwaka.

Asubuhi moja akafika Bi Batuli, mkulima wa Busi, na baiskeli ya marehemu mumewe. Nasri alipoiona nembo ya Kiitaliano, mate yalimtoka. Akabandika sumaku shingoni mwa fremu, ikanasa. Akainyanyua: nyepesi! Bosi mmoja, Jordan, alikuwa akiililia fremu ya namna hiyo tangu Ramadhani.

"Shikamoo mama." Akaigonga shingoni kwa spana. "Pole, chuma kimeoza kwa ndani."

"Marahaba. Sasa nitapandaje vilima vya kwetu na magunia ya alizeti?"

"Niachie hili chakavu, nikupe nyingine, ngumu."

"Yenye gia?"

Nasri alikuwa na seti moja tu ya gia mpya, na ili kuipata aliuza pikipiki yake. Hakuwa na mtaji mwingine. Lakini fremu ile ingemrudishia seti kumi. Akafunga gia, breki na magurudumu, vyote vipya, kwenye baiskeli ya mizigo, huku akichekea moyoni.

Bi Batuli akamshika mkono, kama wauzavyo watu wa kwao. "Umeridhika na kasoro zake?"

"Nimeridhika, mama."

"Ulizoziona na usizoziona?"

"Zote, haki ya Mungu!"

Kesho yake Jordan akaja kuikagua fremu, na sumaku yake mkononi. Shingoni ikanasa. Kwenye bomba la juu ikanasa. Kwenye bomba la chini ikaanguka mchangani. Akakwangua rangi kwa ufunguo wa gari, akakuta mti. Mninga mtupu, umechongwa mviringo na kupachikwa kwa ustadi.

"Kweli haijui kusema uongo," Jordan alisema, akawasha gari. Kabla ya saa sita maofisi yote yalikuwa na habari.

Nasri akapiga simu jasho likimtiririka. "Mama, umenidhulumu! Fremu yako ni mti!"

"Si ulisema chuma kimeoza?" Bi Batuli alikuwa akihema, yuko mlimani. "Marehemu naye aliliona hilo, akakitoa, akatia mti. Ila yeye ilibidi afungue kwanza. Wewe umejua kwa kugonga tu. Sasa niambie, mwanangu: hii gia ya kupandia mlima, naivuta mbele au nyuma?"