Faili Kwenye Picha za Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa Mkuu wa maktaba atamteua msimamizi wa mfumo: mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Mfumo niliuandika mimi! Kwa lugha ya Java, na hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zote, inaendeshwa na programu hiyo hiyo. Ina tabia moja: faili la mipangilio, linaloionyesha data iko wapi, hulitafuta kwenye folda ile unamoianzishia. Hilo Miwani halijui. Faili na data nimevihamishia kwenye folda ya picha za harusi ya shemeji yangu. Sasa bila mimi hakuna mfumo. Akili ni nywele.

Jumanne, 4 Juni
Miwani kauanzisha mfumo kutoka folda yake. Nilitegemea ugome, aje kunipigia magoti. Haukugoma! Kumbe usipoliona faili, unajitengenezea hifadhidata mpya, tupu, kimya kimya. Vitabu sifuri. Wasomaji sifuri. Mwalimu mstaafu, mwenye vitabu vyetu kumi na vinne tangu mwaka juzi, kaambiwa hana hata kimoja. Kashukuru na kutoka mbio. Mkuu akauliza kulikoni. Nikamwambia ni joto.

Jumatano, 5 Juni
Dawa nimeipata: nimenakili faili kwenye folda zote saba za wafanyakazi. Maji yakazidi unga. Faili linasema data iko "hapa hapa", na kila folda ina hapa yake! Sasa tuna maktaba saba. Atlasi moja imeazimwa na watu watatu. Mama wa kaunta kaniuliza amwamini yupi. Nyumbani mke wangu akanisihi nikiri. Nikamwambia haijui Java. Akasema anamjua mumewe.

Ijumaa, 7 Juni
Miwani kapekua kompyuta hadi kaipata folda ya harusi, kisha kaandika mstari mmoja tu wa kuanzishia, unaotaja njia kamili ya kuifikia. Vitabu vyote vikarudi. Folda ikafunguliwa na kuonyeshwa ukutani kwa projekta mbele ya wote: kumbukumbu za maktaba, kisha mimi nikicheza na kiatu kichwani. Cheo kapewa yeye. Imeniuma, sifichi. Mimi nimeagizwa kuandika mwongozo wa mahali kila faili lilipo.

Jumamosi, 8 Juni
Mwongozo tayari! Kurasa tisa, safi kabisa. Mkuu anautaka Jumatatu. Nimeuhifadhi mahali ambapo Miwani hatapaona hata akikesha. Watanibembeleza, watake wasitake. Nimepatafuta tangu asubuhi, na mimi sijapaona.