Muhuri wa INAHUSU

Tiya, mwenye duka la dawa mjini Isiolo, alilalamika mbele za watu kwamba siku hizi magazeti yamejaa habari za bangi ya dawa, na yeye hajui habari ipi ashike na ipi aache. Mworia, mgeni mjini, alikuwa kwenye foleni akinunua panadol. Aliisahau panadol, akaenda kuchongesha muhuri wa mpira ulioandikwa INAHUSU. Wa HAIHUSU hakuona haja ya kuuchonga.

"Salaam aleikum, mama," alisema kesho yake, shati limepigwa pasi. "Mimi ni mchambuzi. Siku serikali itaruhusu hii dawa, mwenye chemist aliyejipanga ndiye atakula. Nakusomea habari zote, nakwambia gani inahusu kazi yako. Ile haihusu, sidai kitu. Ile inahusu, unanipa mbuzi moja."

Tiya alimtazama juu ya miwani. "Ya kike ama ya kiume?"

"Ya kike, mama. Mimi ni mtu wa kujenga."

"Sawa. Utachukua sokoni, Abduba akiona."

Abduba alikuwa dalali wa mbuzi, na Mworia alifurahi kupata shahidi. Mama kama huyu angeweza kumgeuka baadaye.

Msomaji asidhani uchambuzi ni kazi ya mchezo. Habari ya kwanza ilisimulia utafiti wa bangi kwa maumivu ya saratani huko ng'ambo. Hiyo hata mlevi angeigonga muhuri. Ya pili ilikuwa mvua kuchelewa Merti. Mworia alikunja uso, akasema bangi ni mmea na mmea hunywa maji. Muhuri. Ya tatu, mwanasoka ameumia goti: goti linauma, na maumivu ndiyo kazi ya dawa. Muhuri. Hata tangazo la harusi lilipita, maana bwana harusi alikuwa mkulima.

Tiya hakubisha. Kila alipotoa mbuzi alisema yale yale mbele ya Abduba: "Chukua, chunga, kamua." Mworia alimwonea huruma, kisha akachukua.

Ukame ukakaza. Mworia alinunua nyasi kutoka Meru, akasukuma mkokoteni wa maji, akalala njaa mara mbili ili mbuzi wale. Aliwapenda kwa dhati, kwa kuwa ndani yao aliona pikipiki mpya, nyekundu. Wakazaa. Mvua iliponyesha, akawaswaga sokoni, mama na watoto, wote wamenona.

Abduba alishika sikio la wa kwanza, akalikunja, akaliachia. "Hii ni ya Tiya."

"Si alinipa? Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa. Mtu akipewa mbuzi kabisa, sikio inakatwa alama yake, watu wakiona. Hii iko na alama ya Tiya bado. Ni ya kukopeshwa. Wewe unakunywa maziwa, mbuzi na watoto yake ni ya mwenyewe. Hapa kwetu kila mtu anajua hiyo."

Mworia, aliyesoma magazeti miezi mitano, hakuwa amesoma sikio hata moja.

Tiya alikuwa amefika na mchungaji wake. "Umewatunza, Mworia. Kwangu ukame ungemaliza wote." Akakunjua gazeti la siku hiyo, akaweka kidole kwenye habari ndogo: mvua imeanza, wafugaji warudishe mifugo nyumbani. "Mchambuzi, hii inahusu?"

Mworia alitazama mbuzi wake, yaani wa Tiya.

"Inahusu, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi piga muhuri."

Akapiga.