Pedeli ya Baba na Kiti cha Mkutano Mkuu

Jumatatu, 1 Juni 1998. Valdosta.

Nimeaibika. Jana katikati ya maombi pedeli yangu ya sauti ilikwaruza kama kambare kikaangoni. Kanisa zima likageuka. Mimi, Cephus Tarpley, mpiga gitaa la kulaza mapajani wa kanisa hili kwa miaka ishirini na sita! Pedeli yenyewe ni ya marehemu baba. Mhubiri akihubiri, gitaa humjibu, na mguu kwenye pedeli ndio unaolifanya linong'one au lipige yowe. Ukikanyaga linapaza, ukiachia linanyamaza. Bila pedeli ni ubao wenye nyuzi.

Mchungaji Battle kaniita pembeni. Eti Jumapili anakuja Mama Askofu Pinkard kuchagua nani atakalia kiti cha gitaa kwenye Mkutano Mkuu wa jimbo. Eti nitengeneze pedeli, la sivyo atapiga Ndugu Rolle. Rolle! Kaja juzi tu kutoka Miami, na viatu vyake vyeupe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja mwenyeji augue.

Baba alikalia kiti kile mara kumi na moja. Mimi, hata mara moja. Nina miaka hamsini na tisa. Nakitaka kufa na kupona.

Jumanne, 2 Juni

Nimeifungua pedeli mezani jikoni. Volyumu, kile kidude kinachozunguka kupandisha na kushusha sauti, imelika, springi imelegea. Na uzi unaozungushia shingo ya volyumu umechakaa. Kuugusa tu, ukatoka wote mkononi. Ulikuwa umezungushiwa upande gani? Sijui. Nani huangalia vitu kama hivyo?

Odessa, mke wangu, kasema nimpelekee Rolle, anatengenezea makanisa matatu, tena bure. Nikamwambia heri nipige filimbi. Akasema kuuliza si ujinga. Nikamwambia aniletee uji wangu. Akasema uji uko palepale mezani, chini ya skrubu zangu.

Jumatano, 3 Juni

Nina akili kuliko wanavyodhani. Nimekwenda kwa Rolle kujifanya namsalimia. Nikaisifu pedeli yake. Nikasema jamani, mashine nzuri hivi, ndani ikoje? Mjinga akaifungua! Akaishika mbele yangu, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu. Nikakariri kila kitu: uzi unatokea kulia, mizunguko miwili, halafu kwenye springi. Nikaja kuuchora barazani kwangu.

Wakati naondoka kaniambia, "Kaka Cephus, nilisikia yako inakwaruza. Ilete basi, kazi ya nusu saa." Nikamjibu yangu haikwaruzi, ina sauti ya kizamani. Akacheka. Sipendi anavyocheka. Hana hata ubaya ndani yake, na hilo ndilo linaloudhi.

Alhamisi, 4 Juni

Nimepata volyumu! Ilikuwa kwenye redio ya marehemu mama mkwe. Redio yenyewe ilikuwa imekaa tu juu ya friji. Uzi nimeutoa kwenye kikapu cha Odessa cha kufumia, ule mwekundu mgumu. Nimetia lehemu mwenyewe. Nimeunguza kidole gumba na kitambaa cha meza.

Nimezungusha sawasawa na mchoro. Inateleza kama siagi.

Ijumaa, 5 Juni

Kumbe Odessa husikiliza redio ile kila Ijumaa, mahubiri ya saa nne. Sikujua. Ndoa ya miaka thelathini na mbili, mtu hawezi kukwambia? Amenena mengi. La mwisho lilikuwa kwamba mama yake aliona mbali kuhusu mimi.

Jumamosi, 6 Juni

Leo mazoezi kanisani. Spika ziko huko, kwangu sina. Sikwenda. Rolle angeisikia pedeli akajiandaa. Nimeijaribu nyumbani kwa mguu, bila sauti. Inapanda, inashuka. Pedeli ina kazi gani nyingine?

Jumapili, 7 Juni

Yesu wangu.

Nimeingia wakati wimbo wa kwanza umeshaanza, kama alivyokuwa akiingia baba. Nikakaa. Waumini wakaanza kuandamana na sadaka, ngoma inapigwa, nami nikakanyaga pedeli mpaka chini. Kimya. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Kimya cha kaburini! Mama Askofu akanitazama juu ya miwani.

Kisha akashusha sauti amwombee Dada Eulalie, mwenye mguu mbovu. Watu wameinama. Nami kwa heshima nikainua mguu, vidole bado viko kwenye nyuzi.

Lo! Gitaa likapiga yowe, madirisha yakatetemeka. Mpiga ngoma akadhani nimetoa ishara, akaachia mdundo. Nusu ya kanisa ikaruka kucheza, nusu ikakimbilia mlangoni. Dada Eulalie akawatangulia wote. Mama Askofu akaketi chini bila kutafuta kiti.

Nikahisi mtu ananishika kifundo cha mguu. Rolle, kwa magoti, na suti yake. Akachomoa pedeli yangu, akachomeka yake. Akaninong'oneza, "Uzi umezungushwa kinyume, kaka. Piga tu."

Nikapiga. Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: sijawahi kupiga hivyo maishani. Gitaa lililia, nami nikalia. Ile pedeli yake ilinitii kila pumzi. Nilimchukia mpaka noti ya mwisho.

Baada ya ibada Mama Askofu akatangaza. Kiti ni cha Rolle. Nimekula mguu wa kuku mmoja nikaenda kulala.

Jumatano, 10 Juni

Rolle kaja. Amesimama barazani na kofia mkononi. Kasema alimpigia simu Mama Askofu, akamwomba kiti wakigawe. Yeye Ijumaa, mimi Jumamosi. Mama Askofu amekubali. Amesema yule mzee aliyelia Jumapili aje.

Moyo uliruka. Kweli uliruka. Mkutano Mkuu! Kiti cha baba!

Halafu nikajiuliza: kwa nini Jumamosi? Kwa nini yeye ndiye aanze? Ili mimi nije nionekane namfuata! Mbinu ile. Mtu hatoi kiti bure. Nikamwambia asante, Cephus Tarpley hali makombo, aende na siku zake zote mbili. Akaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza mara tatu. Akavaa kofia akaondoka taratibu, na safari hii hakucheka.

Odessa alikuwa nyuma ya pazia. Sasa amekaa kitandani anatazama viatu vyake mwenyewe.

Lakini wamenikosa. Na sitanyamaza. Nimeshaanza barua kwa Mama Askofu, na inaanza vizuri: "Mama Mpendwa, kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kunipa nafasi."