Ndururu ya Kiunoni

Leo nimevuliwa nguo sokoni Chepilat, na aliyenivua ni mimi mwenyewe. Ngojeni niwaeleze kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. Watu wa huko wataongeza chumvi, na habari hii haihitaji chumvi.

Mnajua Jumamosi wazee wangu wananipeleka kwa kina Moraa, mchumba wangu, kujitambulisha. Mnajua pia mfuko wangu ulivyo. Sasa, nilikuwa na mkebe wa pesa za zamani alioniachia marehemu baba: shilingi za simba na ndururu za senti tano zenye tundu, zile za wakati wa mfalme wa Uingereza ambazo siku hizi hazinunui hata kiberiti. Nikasikia kwamba Mzee Njuguna, yule mwenye duka la misumari na kamba pale Chepilat, ananunua pesa kama hizo ili awauzie watu wa Nairobi wanaozikusanya. Nikaona blanketi la kumpelekea mama mkwe limepatikana.

Asubuhi nikatumia akili. (Akili yangu mnaijua.) Pesa zilikuwa nyeusi, na nani atanunua kitu cheusi? Nikachukua majivu, mchanga na gunzi la mahindi, nikasugua mpaka zikang'aa kama sufuria ya harusi. Mfalme alipoteza pua, simba akapoteza mkia, lakini kung'aa ziling'aa. Kisha nikavaa suruali ya suti ya baba, ile pana, nifanane na mtu wa biashara.

Mzee Njuguna alikuwa ameketi barazani na Koech, fundi wa nguo anayeshonea pale mlangoni kwake. Nikamwaga mkebe mezani. Mzee akavaa miwani, akatazama pesa, akavua miwani, akanitazama mimi.

"Kijana, nani amezisugua hizi?"

"Ni mimi, mzee." Nilijibu nimetoa kifua.

"Basi umeisugua bei yote ikatoka."

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Wanaokusanya pesa za zamani hawatafuti kung'aa. Wanataka pesa ilivyotoka mtamboni, herufi zikiwa kali, manyoya ya simba yakionekana, na ile rangi iliyokuja yenyewe na miaka. Wakishaona hivyo, wanauliza kama ziko nyingi. Zangu karibu zote zimejaa kila nyumba, kwa hivyo hata zingekuwa nzuri asingenipa cha maana. Ila kulikuwa na ndururu moja ya mwaka ambao zilitengenezwa chache. Akaigeuza kidoleni, akatikisa kichwa.

"Hii ingekuwa kitu," akasema. "Jana."

Watu wakaanza kusogea. Mnajua soko, mtu akiumbuka hata wanunuzi wa ndizi huacha ndizi. Nikamwuliza mzee angefanya nini kama ningepata nyingine ya mwaka huo, ambayo haijasuguliwa. Akasema kama haijazunguka mikononi mwa watu, ataichukua papo hapo.

Ndipo nikakumbuka. Zamani kifungo cha suruali hii kilipotea, na Mama hakuwa na kingine. Alichukua ndururu mpya kabisa, haijanunua hata kitunguu, akaifunika kwa kitambaa na kuishonea kiunoni ikawa kifungo. Mwenyewe alinihadithia. Tangu siku hiyo haijaguswa na mkono wa mtu.

Nikamwomba Koech makasi. Akaniuliza nataka kukata nini, nikamwambia asubiri ataona. (Aliona.)

Nikakata. Nikapasua kile kitambaa, na ndururu ikatoka na rangi yake ya shaba, kama imetoka benki leo asubuhi. Mzee Njuguna akavaa miwani tena. Akasoma mwaka. Akausoma mara ya pili.

"Ndiyo hii," akasema.

Umati ukaguna. Nami badala ya kufikiri, kazi ambayo leo nilikuwa nimeiacha nyumbani, nikainua mikono yote miwili juu kumshukuru Mungu.

Suruali ya baba ikashuka. Haikusita njiani. Ilifika kwenye viatu ikatulia, nami nikabaki na kaptura ya zamani ya shule, yenye kiraka cha kitambaa cha maua.

Soko likacheka, na hilo ningelivumilia. Lakini nilipoinama kuivuta, niliona kwenye umati mwanamke aliyemletea Koech gauni la kupunguzwa. Mama yake Moraa.

Nyinyi mliotoka kwingine hamjui uzito wake. Kwetu Kisii kuna heshima inaitwa chinsoni. Mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Sasa huyu ameona kiraka. Alijifunika uso kwa leso, akageuka, akaondoka bila gauni lake kupimwa. Nilitamani niingie ndani ya ule mkebe nifunike.

Mzee Njuguna akanifunga kiuno kwa kamba ya katani kutoka dukani, na hakunidai bei yake. Ndururu aliinunua kwa bei ya haki, blanketi limepatikana na sukari juu. Lakini nilipeleke wapi, na mke nimeshampoteza? Nilitembea kurudi huku na blanketi kichwani kama mtu anayetoka matanga.

Nilipofika njia panda nikasikia kengele ya baiskeli. Ni Koech, anahema. Alisema yule mama alirudi baadaye kupimwa gauni lake, akampa ujumbe aniletee neno kwa neno. Nikamwambia aseme tu, niko tayari.

"Amesema hivi: 'Wazee wake hawajafika kwangu. Kwa hivyo mimi bado sina mkwe, na leo sijaona mkwe wa mtu yeyote. Jumamosi tutakula saa saba.'"

Nilikaa chini hapo barabarani. Kisha nikamwomba Koech arudie, akarudia.

Basi, ndugu zangu, kama ni kucheka, chekeni leo mmalize. Jumamosi nawataka wote nyuma yangu, na nyuso za watu wazima.