Mke Wangu Kwenye Ukuta Mbichi

Jumatatu, 3 Machi

...na ndiyo maana nasema simu haitoshi. Sauti yake naipata, lakini sauti haina mabega. Jana tena tumeongea mpaka sikio likashika moto, kisha akasema anakwenda kusoma. Nikabaki nimekumbatia mto wake kama abiria aliyeachiwa mzigo wa watu. Ndoa changa hivi, na chuo kimeshamchukua! Maua ya harusi hata sijayatupa. Yamekauka, lakini bado ni yake.

Anasomea ualimu. Muhula huu wana somo la utangulizi wa historia ya sanaa, kuanzia watu wa mapangoni hadi makanisa makubwa ya enzi za kati. Ameniachia fotokopi ya kitabu kizima ili tusome pamoja, yeye kule, mimi huku. Kuna mke mwingine wa namna hii duniani? Hayupo.

Tatizo ni Mrefu. Huyu ni mwanafunzi mwenzake, kiongozi wa kikundi chao cha kujisomea. Kila simu, Mrefu katufafanulia hiki, Mrefu katuchorea kile. Leo nimesoma sura nzima ya mapango chini ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi. Tutaona nani mrefu.

Jumanne, 4 Machi

Watu wa kale waliweka kiganja kwenye mwamba, wakapulizia rangi kwa mdomo, wakaondoa mkono. Umbo likabaki maelfu ya miaka! Machozi yalinilenga. Yule mtu alikuwa anamwachia nani alama, kama si mkewe aliyekwenda mbali?

Nimejaribu kwenye mlango wa kabati letu, kwa rangi nyekundu ya maji. Imetoka kitu kama kaa aliyekanyagwa. Midomo imegoma kutakata. Dukani bosi akauliza mbele ya wateja, kumbe mke akisafiri wewe ndiye unayebaki na lipstiki? Nikasema ni sanaa. Akasema sanaa isubiri nje, kwanza nishushe saruji.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Nilisimama wima kupokea, ingawa hanioni.

Habari yenyewe ni ukuta wa sebule. Nyuma yake kuna bomba la bafu la jirani, linavuja, na ukuta umelowa tangu tuhamie. Mama mkwe kasema likizo ya binti yake inaanza tarehe kumi na tano, wiki mbili, na kifua cha binti yake hakipatani na unyevu. Atakuja Jumatano kuukagua. Ukuta ukiwa sawa, binti anapumzika kwangu. Usipokuwa sawa, anapumzika kwa mama yake. Akaongeza kwamba yeye aliniambia nimwite fundi bomba tangu wiki ya harusi, au baba, unangoja ukuta uone haya wenyewe?

Wiki mbili! Kikombe chake kingeshuka kabatini. Kanga yake ingerudi kwenye msumari wa mlango. Wiki mbili za kusikia mtu akipiga chafya chumba cha pili, nami nikisema afya, mpenzi.

Nilivaa viatu kwenda kwa fundi bomba. Kweli nilivaa! Ila nikasema nimalizie ukurasa. Na ukurasa ukasema kwamba mabingwa wa kale walichora kwenye plasta ikiwa bado mbichi, rangi ikaingia ndani ya ukuta, ikadumu mpaka leo.

Mbichi!

Nikautazama ukuta wetu. Unang'aa kwa ubichi. Nikavua viatu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mteja kauliza kama apake rangi ukuta uliolowa. Nimemwambia asithubutu, rangi itabanduka yote. Lakini yule anapaka choo. Yeye na sanaa wapi na wapi.

Nimempata Fundi Brashi, anayechora vichwa kwenye mabango ya vinyozi. Nimemweleza mpango: mke wangu ukutani, kwa mtindo wa Misri ya kale. Uso wa upande, jicho la mbele, mabega ya mbele, miguu ya upande. Akasema bwana harusi, mtu wa hivyo si wa kuchorwa, ni wa kupelekwa hospitali.

Nikamwonyesha kitabu. Akakubali. Ila amesisitiza kila mtu apate mstari wa kunyoa pembeni, maana kazi bila mstari hawezi kuiwekea jina lake.

Kitu kikubwa nilichojifunza: kule Misri, mwenye heshima alichorwa mkubwa, wa kawaida mdogo. Ukubwa ndio mapenzi! Kwa hiyo mke wangu anaanza sakafuni hadi dari. Mimi nafika gotini kwake, natazama juu. Waliobaki watapangwa kwa nafasi itakayosalia.

Jumapili, 9 Machi

Imekwisha. Sijui niandike nini. Yupo! Shingo yake ile ile. Fundi Brashi kamchora kwa picha ya harusi, na ijapokuwa ana miguu miwili ya kushoto na nywele zimenyolewa mstari, ni yeye. Nimekula chakula changu nikiwa nimemgeukia. Nimemweleza habari za dukani. Nilipozima taa nikasema lala salama kwa sauti, kisha nikaiwasha tena.

Kona ya chini nafasi ilibana. Hapo nimeweka ukoo: wajomba, shangazi, mama mkwe, na kuku mmoja ambaye Fundi Brashi kamwongeza kwa ukarimu wake. Kuku katoka mkubwa kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Tangu Jumatatu rangi ilikuwa inatokwa jasho. Nilidhani inaingia ndani, kama kitabu kilivyosema. Kumbe ilikuwa inaaga.

Mama mkwe kafika saa nne. Nilipiga magoti kumwamkia, nikabaki pale pale kwa sababu za kiusalama. Akatazama ukuta. Bega la mke wangu likabanduka, likaanguka kwenye kochi, pwaa. Akauliza hii ni nyumba au kibanda cha kinyozi. Nikamweleza Misri. Nikamweleza ukubwa na heshima. Hapo ndipo nilipopaswa kukata ulimi.

Akainama konani. Akauliza huyu mwenye kitambaa ni nani. Nikasema ni yeye mama. Akauliza na huyu aliyemzidi kimo? Nikasema huyo ni kuku, mama.

Akasema amezaa watoto sita, amezika wazazi wake wote, ameozesha mabinti watatu, na hajawahi kupangwa nyuma ya kuku. Kisha akatoa simu, akamwita fundi bomba yeye mwenyewe. Yule fundi akaja, akakaza kitu, akafunga kitu, akamaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilimshikia tochi. Akasema ukuta utakauka mwezi ujao, Mungu akipenda na mkwe asipochora.

Binti anakwenda kwa mama yake. Imeamuliwa. Mama mkwe kanipa mkono wa kwaheri kwa ncha za vidole.

Rangi yote imeshuka sasa. Katika umbo langu limebaki jicho moja tu, lile la mbele, linatazama juu mahali alipokuwa mke wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimtumia picha ya ukuta. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akasema hilo jicho langu linafanana nami kuliko picha zote za harusi. Akasema hata yeye amechoka kulala na kitabu, alitaka nyumbani, alitaka kwetu, kwa nini sikumwita tu fundi bomba we baba? Nikajifanya mtandao unasumbua.

Kisha akaniambia habari ya mtihani wa leo. Swali la tatu: kwa nini michoro ya kwenye plasta mbichi ilidumu? Alikumbuka ukuta wetu, akaandika kurasa mbili. Kwamba ubichi unaotakiwa ni wa chokaa mpya, inayokauka na rangi tumboni mwake, si wa bomba la jirani linalosukuma maji kutoka nyuma. Mrefu alilikimbia swali hilo.

Mrefu alilikimbia! Basi nani kamfundisha mke wangu? Mimi!

Jumatatu, 17 Machi

Jana kapiga simu kutoka kwa mama yake. Kasema mama amepoa kidogo, ila akiona kuku bado anageuza uso. Kasema niende kuwaona. Kasema nije mikono mitupu, anataka mimi tu, nikae naye barazani, basi. Nilirudia maneno hayo siku nzima. Mimi tu! Nimekosea kumpa mteja chenji mara mbili.

Mikono mitupu. Mpole kiasi gani huyu! Mtu wa hivyo hasemi anachokitamani.

Nimefika enzi za kati sasa. Huko ndiko kwenyewe. Watu wa heshima waliwekewa duara la dhahabu nyuma ya kichwa, na wakubwa bado walichorwa wakubwa. Ina maana wazo langu lilikuwa sahihi, vipimo tu ndivyo vilivyonisaliti. Na ukuta wa sebule ya mama mkwe ni mkavu kama biskuti, niliugonga siku ya posa. Mama mkwe atauchukua wote, dirisha hadi mlango. Kuku hayumo. Fundi Brashi yuko tayari, ila kasema mstari wa kunyoa haukwepeki, hata kwenye dhahabu. Hawajui chochote, watashtuka kwa furaha.

Kipenzi, vumilia. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwenu. Fungueni mbawa zote mbili za mlango, ngazi ya Fundi Brashi ni ndefu.